Miswada ya Kiswahili kwenye maktaba za kidijitali za vyuo vikuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ni vitu gani hasa vinavyoingizwa kwenye mikusanyo hii?

Sehemu kubwa ni miswada ya Kiswahili iliyoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu: tenzi, mashairi, barua, hati za mauziano, nasaba za koo, na vitabu vya dini vyenye tafsiri ya Kiswahili kati ya mistari. Mkusanyo unaotumiwa sana uko SOAS, chuo cha masomo ya Asia na Afrika cha Chuo Kikuu cha London, ambako zimehifadhiwa karatasi zilizotoka kwa watafiti wa Kiswahili W. E. Taylor, Alice Werner, William Hichens na Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina miswada na kanda zilizokusanywa na J. W. T. Allen, na katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970. Ujerumani kuna miswada Hamburg na Berlin, mingi ikitokana na safari ya Ernst Dammann huko Lamu mwaka 1936 na 1937. Miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, ilipigwa picha kupitia mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini, na imepewa namba EAP466. Humo Kiarabu ndicho kingi, Kiswahili ni kidogo.

Ukiona tangazo la “nyongeza mpya”, usidhani ni lazima maktaba imepata mswada mpya. Mara nyingi mswada ulikuwa rafuni miaka mingi na maelezo yake yako kwenye katalogi. Kipya ni picha tu.

Nitajuaje kipi kimeongezwa karibuni?

Panga matokeo kwa tarehe ya kuingizwa, usipange kwa tarehe ya kazi yenyewe. Maktaba nyingi za vyuo vyetu hutumia programu ya DSpace, na humo kila kumbukumbu hubeba tarehe zaidi ya moja. Ukibonyeza ili kuona kumbukumbu kamili utakuta `dc.date.accessioned`, yaani siku iliyoingizwa kwenye mfumo, na `dc.date.issued`, ambayo ingepaswa kuwa tarehe ya kuandikwa au kuchapishwa. Tunasema “ingepaswa” kwa sababu mwingizaji akiharakisha huweka mwaka wa kuskani mahali pa mwaka wa kuandikwa, na utenzi wa karne ya 19 ukajitokeza kama kazi ya 2015. Ukikuta mwaka wa ajabu, soma maelezo yote kabla hujaunakili kwenye tasnifu yako.

Upo mtego mwingine ulio mkubwa kuliko huo. Tarehe ya kutungwa siyo tarehe ya kunakiliwa. Utenzi wa Mwana Kupona ulitungwa mnamo 1858, lakini zipo nakala zake zilizoandikwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu katika miaka ya 1930 kwa ajili ya watafiti wa Kizungu. Karatasi unayoiona ni ya karne ya 20, maneno ni ya karne ya 19. Ikiwa hoja yako inahusu tahajia, wino au hati, tarehe unayoihitaji ni ya nakala.

Nimetafuta jina ninalolijua na sikupata kitu. Je, hakipo?

Huenda kipo. Hili ndilo tatizo la kwanza la mikusanyo hii, na wengi hukata tamaa hapa wakati mswada wanaoutafuta uko umbali wa herufi moja.

Majina yaliyoandikwa kwa Kiarabu yaligeuzwa kuwa herufi za Kilatini na watu tofauti, kila mmoja kwa kanuni zake. Kijuma huyohuyo utamkuta kama Muhamadi Kijuma, Muhammad Kijumwa, Mohamed bin Abubakar, au Muhammad bin Abi Bakr bin Omar al-Bakri. Mwana Kupona huandikwa pia Mwanakupona kwa neno moja. Watu wa Lamu husema *utendi*, wa Mombasa na kusini husema *utenzi*, na mfumo wa kompyuta haujui kwamba ni kitu kimoja. Katalogi za zamani hutia alama juu na chini ya herufi, ambazo mifumo mingine huzipuuza na mingine huzihesabu kuwa herufi tofauti.

Fanya hivi. Anza na kipande kifupi cha jina kisichobadilika, kisha kinyota, kinachosimama badala ya herufi zozote zinazofuata: `kijum*`. Jaribu lahaja zote mbili: *ndia* na *njia*, *mato* na *macho*, *moya* na *moja*, maana kichwa cha kazi mara nyingi ni mstari wake wa kwanza, na mstari huo huenda umo katika Kiamu, lahaja ya Lamu. Tafuta jina hilo katika sehemu ya mtunzi, halafu urudie katika sehemu ya mnakili, kwa sababu Kijuma alinakili kazi nyingi za wengine na huenda jina lake halimo kabisa kwenye sehemu ya mtunzi. Ikiwa unayo namba ya rafu kutoka kitabu au makala, itafute hiyo kwanza. Namba ya rafu haina tahajia mbili.

Bado hakuna? Acha kutafuta, uanze kupekua. Fungua mkusanyo mzima wa mtu aliyekusanya, kwa mfano Taylor au Hichens, upitie orodha mstari kwa mstari. Kazi ya saa mbili, lakini utakutana na vitu ambavyo hakuna neno la utafutaji lingekuletea.

Kwa nini siwezi kutafuta neno lililomo ndani ya mswada?

Kwa sababu unachokiona ni picha. Kitabu kilichochapwa kwa herufi za Kilatini huweza kusomwa na programu. Tesseract, kwa mfano, ina data ya Kiswahili chini ya alama `swa`, na kwa chapa safi hufanya kazi vizuri. Mwandiko wa mkono ni jambo jingine. Programu kama Transkribus hufundishwa mwandiko mmoja mmoja, na huhitaji takriban maneno 5,000 hadi 15,000 yaliyokwisha kusomwa na binadamu ndipo ianze kubahatisha vyema. Kwa mnakili aliyeacha kurasa nyingi jambo hilo linawezekana. Kwa barua moja ya kurasa mbili, soma kwa macho yako.

Najua kusoma Kurani. Je, nitaweza kusoma miswada hii?

Umeshapata nusu ya safari. Nusu ya pili inatokana na kwamba Kiarabu kina alama tatu za irabu na Kiswahili kina irabu tano. Kasra hubeba *i* na *e*, dhumma hubeba *u* na *o*. Tena Kiarabu hakina *p*, *v*, *ch* wala *g* ya *gari*, kwa hiyo waandishi wengi wa zamani walitumia *b* kwa *p*, *f* kwa *v*, na kadhalika. *M* na *n* zinazotangulia konsonanti nyingine, kama katika *mbata*, mara nyingi hazikuandikwa kabisa. Neno *pepo* basi huonekana kwenye karatasi kama *bibu*, na umbo moja laweza kuwa *bata*, *pata* au *mbata*.

Waandishi wenyewe waliliona tatizo hili mapema. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890 na ambaye bila kazi yake mashairi mengi ya malenga Muyaka yangepotea, alitumia alama za nyongeza kutenganisha sauti hizo. Kwa hiyo kabla ya kuanza kusoma, chukua kurasa mbili za mwandishi wako na uorodheshe: *p* yake ina nukta ngapi? Je, anatofautisha *e* na *i*? Mwandiko ukishaujua, kurasa zinazofuata huja haraka.

Msaada mkubwa zaidi uko kwenye utunzi. Ubeti wa utenzi una vipande vinne vya mizani (silabi) nane. Vitatu vya kwanza vina kina kimoja, na cha nne hushika kina cha bahari kinachorudi tangu ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Ukisita kati ya *pete* na *piti*, tazama kina cha vipande jirani, kisha hesabu mizani. Kipande kikitoka na mizani saba, ama umeacha silabi, ama mnakili aliiacha. Barua hazina msaada huo, ndiyo maana ni ngumu kuliko mashairi. Anza na tenzi.

Tarehe imeandikwa kwa Hijria. Naigeuzaje?

Zidisha mwaka wa Hijria kwa 0.97, kisha ongeza 622. Mwaka 1275 hutoa 1,236.75, na ukiongeza 622 unafika karibu 1859. Huo ni mkadirio tu: mwaka 1275 ulianza Agosti 1858 ukaisha katikati ya 1859. Ikiwa mswada hautaji mwezi, andika miaka yote miwili, 1858/1859. Kuchagua mmoja ni kudai jambo ambalo mswada haukulisema.

Kurasa zinaonekana kupangwa kinyume, au nyingine hazipo. Nihakikishe vipi?

Kitabu cha herufi za Kiarabu hufunguliwa kutoka kulia. Vitazamio vingi vimetengenezwa kwa vitabu vya Kilatini, na maktaba isipoweka alama ya mwelekeo, picha hupangwa toka mwisho kwenda mwanzo. Angalia kona ya chini ya kila ukurasa wa kulia: wanakili wengi waliandika hapo neno la kwanza la ukurasa unaofuata. Likilingana na mwanzo wa ukurasa wa kushoto, mpangilio ni sahihi. Lisipolingana, ama karatasi imepotea tangu zamani, ama mpiga picha aligeuza karatasi mbili kwa pamoja. La pili hutokea sana. Lijulishe kwa maktaba, kwa sababu mswada upo na picha inaweza kurudiwa.

Bando langu linaisha kabla mswada haujafunguka. Nifanyeje?

Usipakue PDF nzima kwanza. Maktaba nyingi sasa hutoa picha kwa utaratibu uitwao IIIF, ambao hukuruhusu kuomba ukubwa unaoutaka kwa kubadilisha anwani ya picha yenyewe. Mwisho wa anwani huwa hivi: `/full/max/0/default.jpg`. Sehemu hizo, kwa mpangilio, ni eneo la picha, ukubwa, mzunguko, kisha ubora na aina ya faili. Badilisha `max` iwe `800,` (mkato usiuache) na utapata picha ya upana wa pikseli 800, ambayo kwa kawaida ni chini ya KB 400 na inatosha kukuambia kama ukurasa ndio unaoutaka. Ukishaupata, omba ukurasa huo mmoja kwa ukubwa kamili. Kwa mswada wa kurasa 60, tofauti ni kati ya kutumia MB 20 na kutumia mamia.

Mikusanyo iliyo wazi haihitaji kuingia kwa nywila ya chuo. Ukidaiwa nywila, hakikisha hukupitia kiungo cha hifadhidata ya kulipia. Tafuta mswada huohuo kupitia ukurasa wa mikusanyo ya kidijitali ya maktaba husika.

Je, naruhusiwa kuchapisha picha au maandishi yake?

Tenganisha vitu viwili: maandishi na picha ya maandishi. Utenzi ambao mtunzi wake alifariki karne ya 19 hauna tena hakimiliki nchini Kenya, ambako ulinzi ni maisha ya mtunzi na miaka 50 baada yake. Uingereza ni miaka 70, na kuna kanuni ya ziada inayowanasa wengi: maandishi ya mtu aliyefariki kabla ya 1969, ambayo yalikuwa hayajachapishwa sheria ya 1988 ilipoanza kutumika mwaka 1989, yanaweza kulindwa hadi mwisho wa 2039. Barua za watafiti wenyewe zilizomo kwenye mikusanyo hii zinaweza kuangukia hapo.

Picha nayo huwekwa masharti na maktaba. Soma alama za leseni chini ya kumbukumbu: BY maana yake taja chanzo, NC usiitumie kibiashara, ND usiisambaze ikiwa umeibadilisha. Leseni ya ND kwenye picha haikuzuii kuusoma utenzi wa kale, kuuandika upya kwa herufi za Kilatini na kuufafanua. Kwa jalada la kitabu kitakachouzwa, andika barua ya kuomba ruhusa mapema na utaje namba ya rafu, ukurasa, idadi ya nakala na nchi kitakakouzwa. Ombi lisilo na mambo hayo manne hurudishwa likiwa na maswali.

Niandike vipi marejeleo kwenye tasnifu?

Mtunzi (au “hajulikani”), jina la kazi, mnakili na tarehe ya nakala, jina la maktaba, jina la mkusanyo, namba ya rafu, ukurasa, kisha kiungo cha kudumu. Kiungo cha kudumu ni kile ambacho kumbukumbu yenyewe imekipa jina hilo, mara nyingi kikianza na `hdl.handle.net` au `doi.org`. Anwani iliyo juu ya kivinjari chako hufa mfumo unapobadilishwa. Namba ya rafu ndiyo kinga yako ya mwisho: shambulio la kimtandao lililoipata Maktaba ya Uingereza Oktoba 2023 lilizima huduma zake za mtandaoni kwa muda mrefu, na aliyekuwa ameandika namba ya rafu bado aliweza kueleza anachokizungumzia.

Ukihesabu kwa karatasi badala ya kurasa, kumbuka kwamba kwenye kitabu kinachofunguka kulia, upande wa mbele wa karatasi uko kushoto kwako. Makosa ya mbele na nyuma yamejaa hata kwenye vitabu vilivyochapishwa.

Familia yetu ina miswada nyumbani. Ni lazima tuitoe ili ihifadhiwe kidijitali?

La. Mswada ubaki kwenu, picha ziende maktaba. Mipango mizuri hufanya kazi hivyo, na yoyote anayedai kwamba lazima auchukue mswada wenyewe mwombeni aeleze kwa maandishi ni kwa nini, kwa muda gani, na nani atawajibika ukiharibika.

Kabla ya yote, msiutengeneze. Usibandike selotepu: gundi yake hugeuka manjano, hupenya karatasi na huondoka na wino. Usipeleke kutiwa plastiki ya moto. Usiuanike juani ili kukausha unyevu. Uweke kivulini penye hewa, karatasi moja moja ikiwa zinaachana bila kulazimishwa. Vumbi la mdudu liondoe kwa brashi laini ya nywele, ukipiga kuelekea nje. Wino wa kahawia uliokwisha kutoboa karatasi usiuguse.

Picha za awali mnaweza kuzipiga kwa simu. Kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000. Ukurasa wa sentimita 20 ukijaza upande mrefu wa picha, unapata takriban pikseli 500 kwa inchi, ambazo zinatosha kabisa. Kurasa mbili kwa mpigo, upana wa sentimita 30, hushuka hadi karibu 340. Kwa hiyo piga ukurasa mmoja mmoja. Weka mswada karibu na dirisha lisilopigwa na jua la moja kwa moja, zima flashi, shikilia simu sambamba na ukurasa, na weka rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Kitabu kisifunguliwe hadi kulala. Weka mito midogo au vitabu viwili chini ya majalada ili kifunguke kiasi tu, mgongo usivunjike. Piga hata kurasa tupu na majalada, maana majina ya wamiliki na tarehe za kuzaliwa watoto huandikwa huko.

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, siyo kama picha. Ukituma kama picha, WhatsApp huzipunguza na nukta za herufi hupotea, na kwenye herufi za Kiarabu nukta ndiyo herufi.

Mambo ya kukubaliana kwa maandishi kabla ya kukabidhi picha: jina la familia litajwe au lisitajwe, kurasa zipi zisiwekwe hadharani, hasa nasaba, kesi za mirathi na hirizi, na nakala kamili ya faili zote irudi kwenu kwenye diski. Hili la mwisho msilisahau. Ni haki yenu.

Maktaba yetu ndogo inataka kuanza. Tuandae nafasi kiasi gani?

Ukurasa wa A4 kwa pikseli 300 kwa inchi, rangi kamili, faili la picha la TIFF lisilobanwa, ni takriban MB 26. Kwa pikseli 400 ni MB 46. Kurasa 100 kwa kiwango hicho ni GB 4.6, na kwa kuwa mnahitaji nakala tatu, moja ikiwa nje ya jengo, hesabuni GB 14 kwa kila kurasa 100. Kwa miswada yenye irabu ndogondogo tunapendekeza 400. Tengenezeni SHA-256 (alama ya utambulisho ambayo hubadilika faili likibadilika) ya kila faili siku ileile ya kupiga picha, na mlinganishe kila mwaka; bila hiyo hamtajua faili limeharibika hadi msomaji alifungue.

Skana ya kulaza haifai kitabu kilichojalidiwa. Kamera juu ya kinara na kitako cha umbo la V ni bora na si ghali zaidi.

Fedha nyingi huishia kwenye vifaa na maelezo yakasahauliwa. Wekeni mtu anayesoma Kiswahili cha herufi za Kiarabu aandike kumbukumbu: mstari wa kwanza na wa mwisho kwa herufi zote mbili, lahaja, mtunzi, mnakili, mahali, tarehe zote mbili. Alama ya lugha iwe `sw-Arab`, ili miswada hii isichanganyike na vitabu vya Kilatini. Na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili, hata kama Kiingereza nacho kitakuwepo. Mjukuu wa mnakili hatatafuta babu yake kwa Kiingereza.

Na kanda za sauti?

Hugeuzwa kwa biti 24 na kHz 96, faili la WAV. Saa moja ya stereo ni karibu GB 2. Msomaji hupewa MP3.

Nimeona kosa kwenye kumbukumbu. Litasahihishwa?

Litasahihishwa ukileta ushahidi ambao mkutubi anaweza kuuhakiki bila kukuamini wewe tu. Taja namba ya rafu, ukurasa, mstari, kilichoandikwa sasa na unachopendekeza, na bandika kipande cha picha chenye maneno yenyewe. Ikiwa hoja ni jina la mtunzi, onyesha ubeti unaomtaja. Watunzi wengi wa tenzi hujitaja katika beti za mwisho. Tuma kila kosa kivyake, si ishirini kwenye barua moja, kwa sababu gumu moja likikwama linakwamisha na mengine kumi na tisa.